Kabla ya TalkBack, weka sauti ya Kiswahili

Wengi wanaomwandalia mzazi asiyeona simu hapa Tanga hukimbilia kuwasha TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini. Mimi nasisitiza sauti kwanza. Ujumbe wa muamala ulioandikwa kwa Kiswahili ukisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, mama aliyeketi kizimbani kwake sokoni Mgandini haambulii kitu.

Ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute mahali pa kugeuza maandishi kuwa matamshi. Chagua injini ya matamshi ya Google, maana ile iliyokuja na simu huenda haina Kiswahili. Gusa alama ya gia, pakua sauti ya Kiswahili, kisha zima data na Wi-Fi uijaribu. Ikinyamaza au ikirudi kwenye Kiingereza, ujue inategemea mtandao. Siku bando likiisha, mzee atabaki gizani.

Sasa washa TalkBack, na uweke njia ya mkato: vitufe viwili vya sauti vikibanwa pamoja sekunde 3, inawaka au kuzimika. Kidole kimoja kikitelezeshwa kulia kinakwenda kwenye kitu kinachofuata, kugusa mara mbili kunafungua, vidole viwili vinasogeza ukurasa. Mjukuu anayeona hugusa mara moja, akaona haifunguki, akasema simu imekufa. Mfundishe naye. Mwenye uoni hafifu huenda asiihitaji TalkBack kabisa: maandishi makubwa na ukuzaji wa skrini vinamtosha.

Kazi hasa iko kwenye pesa. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, haingoji. Ukikawia inajifunga, na muda mwingi huliwa na sauti inayosoma orodha nzima. Ongeza kasi ya usomaji kidogo kidogo. Azikariri namba za menyu anazotumia kila siku, aandike bila kusubiri orodha iishe. Kwenye kibodi ya Gboard hahitaji kugusa mara mbili: kidole kinatambaa hadi kwenye tarakimu, kikinyanyuliwa inaandikwa.

Namba ya siri ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. TalkBack hulinda nywila kwenye visanduku vya nywila, lakini kisanduku cha menyu hizi kwa kawaida ni cha maandishi tu, hivyo kila tarakimu hutamkwa wazi na kuonekana kwenye skrini. Kwa hiyo avae kipokea sauti sikio moja, la pili libaki kusikiliza bodaboda. Kisha, kwenye menyu ya TalkBack, achague kuficha skrini: inakuwa nyeusi, sauti inaendelea.

Kabla ya kutuma, asome kiasi tarakimu moja moja. Avute vidole vitatu juu au chini hadi asikie "herufi", halafu kidole kimoja chini kwa kila tarakimu. Kwa kasi kubwa, 15000 na 150000 hupishana kwa sifuri moja tu, na sikio lililochoka haliisikii.