FFT kubwa sio lazima itoe sauti safi

Watu wengi wakifungua plagini ya spektra (kiprogramu cha kubadili sauti kwa kugusa masafa yake) wanavuta saizi ya FFT, ile hesabu inayopasua sauti kuwa masafa, mpaka mwisho wakidhani namba kubwa ndo kwoliti, hapana jamani. Ile namba ni urefu wa kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mkupuo: kwenye 44,100 Hz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, sampuli 4096 ni kama milisekunde 93, masafa yanagawanywa kila Hz 11 hivi, tamu sana kwa pedi (sauti ndefu laini ya sintesaiza) unayotaka kuigandisha iendelee kulia. Ila pitisha snea (ile ngoma ya mlio mkali wa ghafla) hapo uone, ukishagusa efekti pigo linasambaa kipande kizima, unasikia kifyuu kabla hata ngoma haijagonga. Shusha 512, kama milisekunde 12, pigo linarudi kali, ingawa besi inavurugika maana mgawanyo sasa ni Hz 86. Mi ngoma naanziaga 1024.