Tuzo ya Woodie Flowers: mlezi wa timu ya roboti anaandikiwa na watoto wenyewe

Msimu huu watoto wa timu yetu wameshanifuata mara mbili kuuliza wanaandikaje maelezo ya kumpendekeza yule mzee wetu wa karakana kwa tuzo ya Woodie Flowers, tuzo ya walezi wa timu za roboti, yaani watu wazima wanaoelekeza watoto, nikaona bora niliweke hapa kabisa maana huku Marekani kuna wazazi Waswahili wengi tu ambao watoto wao wako kwenye timu za roboti na wakisikia jina la tuzo hiyo wanadhani ni cheti cha kuwashukuru watu wa kujitolea basi. Hapana jamani, ni zaidi ya hapo.

Mi ni injinia wa umeme, huu mwaka wa saba nalea timu ya FIRST, yale mashindano ya roboti ya wanafunzi, ya sekondari moja huku Minnesota, upande wangu ni waya na programu. Huku roboti si mchezo, kuna kipindi timu za roboti za sekondari zilizidi timu za wavulana za hoki ya barafu, na hoki Minnesota ni kama Simba na Yanga kwetu, kwa hiyo pima mwenyewe.

FIRST ilianzishwa 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa New Hampshire, yule aliyebuni Segway, kile chombo cha magurudumu mawili unachosimama juu yake. Alitaka watoto washangilie uhandisi kama wanavyoshangilia mpira. Mashindano ya kwanza yalikuwa 1992, ukumbi wa michezo wa sekondari pale Manchester, New Hampshire, timu 28 tu. Leo timu ni maelfu. Mechi inachukua kama dakika mbili na nusu, roboti tatu huku tatu kule, kila moja inaweza kupita kilo 50 hata kabla hujaweka betri na bampa, mwanzoni zinajiendesha zenyewe kwa sekunde chache halafu watoto wanashika rimoti.

Sasa Woodie Flowers ndo aliyekaa na Kamen kuutengeneza huo mchezo. Alizaliwa Louisiana 1943, akasoma MIT, udaktari wake ulihusu goti bandia, akabaki hapohapo kufundisha. Kilichompa jina ni somo moja la usanifu wa mashine lililoitwa 2.70, ambalo kila mwanafunzi alikuwa anapewa mfuko wa vifaa vilevile, makorokoro tu ukiyaangalia, anaambiwa nenda katengeneze mashine ya kufanya kazi fulani, na mwisho wa muhula mashine zinashindana mbele ya ukumbi uliojaa watu wanapiga kelele. Hebu fikiria, darasa la uhandisi lina washangiliaji! Ukiielewa 2.70 umeshaielewa FIRST, na umeelewa pia huyu mtu aliamini nini kuhusu kufundisha. Alikuwa anatofautisha mafunzo na elimu, kwamba kujua kanuni za hesabu ni mafunzo, kuweza kufikiri kwa kutumia hizo hesabu ndo elimu. Na ndo huyohuyo aliyewafundisha watoto kwamba unaweza kupambana kufa na kupona uwanjani halafu dakika tano kabla ya mechi ukamwazimisha mpinzani wako mota yako ya akiba, na hilo nimeliona kwa macho yangu, si mara moja.

Tuzo ya jina lake ilianza 1996, yeye mwenyewe alifariki Oktoba 2019. Inavyoenda ni hivi: kila timu kwa msimu inapendekeza mlezi mmoja, na maelezo yanaandikwa na wanafunzi. Si mwalimu mkuu, si wazazi, si wafadhili. Kwenye mashindano ya mikoa wanapatikana washindi wa hatua hiyo, halafu kati yao mmoja anatangazwa kwenye fainali kubwa, ambazo kwa miaka kadhaa zimefanyika Houston. Kwangu mimi hapo kwenye wanafunzi ndo penye uzito wote, kwa sababu kazi ya mlezi kwa nje haionekani. Mtu akipita kwenye banda la timu anaona watu wazima wawili watatu wamesimama mikono mfukoni, anajiuliza hawa wanafanya nini hapa.

Huyo mzee wetu ni fundi wa mashine mstaafu. Mwaka juzi kwenye mechi moja ya mtoano roboti ilizima katikati ya uwanja, kimya kabisa, na mechi inayofuata ilikuwa karibu. Mimi nilishajua ni waya wa betri kwenye breka kubwa, ile swichi kuu ya umeme, umelegea, nikapeleka mkono. Mzee akanigusa bega. Akamgeukia binti wa kidato cha pili aliyeshika spana, sauti ya chini tu, "Umeme unaanzia wapi?" Binti akasema kwenye betri. "Halafu?" Akaanza kufuata waya kwa kidole, taratibu mno, yaani mimi roho inanitoka pale, hadi akafika kwenye breka akaitikisa na waya ukacheza. Akaukaza mwenyewe. Tuliingia uwanjani zimebaki sekunde.

Mi nimekulia jirani na gereji Gerezani, Dar, nimeshika spana za watu miaka, "dogo lete kumi na tatu", na namkumbuka mpaka leo fundi aliyekaa kwenye ndoo siku moja akaniachia nifungue kabureta peke yangu huku mwenye gari anakunja sura. Kwa hiyo ule mguso wa bega niliuelewa.

Sasa kwenye kuandika. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watoto kupanga sifa: ana bidii, ni mvumilivu, anatupenda, anakuja hata Jumapili. Ni kweli yote, ila mlezi wa timu yoyote anaweza kuvishwa maneno hayo na majaji wanasoma maandiko mengi. Mnachotakiwa kueleza ni tukio, siku gani, nini kiliharibika, alisema neno gani, alinyamaza wapi, na wewe leo unafanya nini ambacho mwaka jana ulikuwa huwezi. Na nafasi ni ndogo, kila sentensi ilipe kodi yake. Wazazi, nawaomba, msiwaandikie. Hata Kiingereza cha mtoto kikiyumba kiacheni kiyumbe, ulizeni maswali tu.

Yule binti aliniletea rasimu yake ya kwanza wiki iliyopita, aya nzima ya sifa. Nikamuuliza, siku ya breka ulikuwa unaogopa nini? Akakaa kimya, akasema alikuwa anaogopa nitamnyang'anya spana. Aliondoka na karatasi, jana kaileta tena, sifa zote kazifuta, sentensi ya kwanza sasa inasema roboti yetu ilikuwa imekufa na mzee alikuwa ameweka mikono mfukoni.