Majina ya ndugu "lazima yaendane"? Jamani hapana, na nieleze kwa nini

Wiki hii peke yake wamama watatu wameniuliza swali lile lile pale kliniki. Mmoja ana binti anaitwa Gladness, sasa kajifungua wa pili, mtoto ana siku 12 hana jina, kisa wifi zake wamesema lazima liishie na "ness" kama la dada yake, na Happiness, Witness na Loveness zote zishachukuliwa kwenye ukoo. Siku 12 mtoto anaitwa bebi. Mimi ni nesi mkunga, niko RCH, yaani kliniki ya mama na mtoto, mwaka wa 16 huu, na hili swali nimelijibu mdomo mpaka basi, kwa hiyo naliandika mara moja akiniuliza mtu namtumia.

Dhana yenyewe iko hivi: watoto wa tumbo moja majina yao lazima yaendane, herufi ya kwanza moja au mwisho mmoja au yote ya kizungu, yasipoendana watu hawatajua kama ni ndugu, na yule mwenye jina tofauti atajiona katengwa.

Tuanze na huo undugu. Hapa Tanzania mtoto anaandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu. Ndugu wa baba mmoja majina mawili kati ya hayo matatu tayari ni yale yale herufi kwa herufi, hayo ndo yanayosema huyu na yule ni ndugu na yanatosha kabisa. Kinachobaki kumtofautisha mtoto na nduguye ni hilo moja la mwanzo. Moja tu! Na wewe ndo unataka nalo ulifananishe. Kwa mapacha ndo inakuwa mbaya zaidi, tarehe ya kuzaliwa moja, jina la mama moja, kata moja, hata namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wakija kuipata ukubwani inaanza na tarehe ya kuzaliwa, yaani tarakimu 8 za mwanzo zitakuwa sawa kwa wote wawili.

Niwaambie kilichotokea kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi. Walikuwepo mapacha wa kike, tuseme Glory na Gloria, sio majina yao ila yalikuwa yanapishana hivyo hivyo. Wamekuja miezi 9, siku ya chanjo ya surua, foleni imefika getini, mama kambeba mmoja mgongoni mwingine kashikwa na bibi yao. Glory mnene, Gloria mdogo mdogo tangu azaliwe, mwezi wa nyuma alikuwa na kilo 6.2 na tulikuwa tunamfuatilia. Tukapima, mwenzangu anaita uzito na mimi naandika, 8.3, nikaweka nukta kwenye kadi ya juu. Kadi ya juu ilikuwa ya Gloria. Herufi moja ya mwisho, mwandiko wa kalamu ya bluu iliyoanza kufifia, macho yangu yakaona Glory. Mstari wa Gloria ukapanda juu kama mtoto aliyepona, tukampongeza mama, tukamwambia endelea hivyo hivyo na uji wa lishe. Ukweli ni kwamba siku ile Gloria alikuwa na 6.4, na kwa binti wa miezi 9 hiyo iko chini ya mstari wa uzito unaotakiwa, alitakiwa apelekwe lishe siku hiyo hiyo. Tumekuja kugundua mwezi uliofuata, mzani unasoma 6.5 na kadi inasema ametoka 8.3, mama analia anadhani mwanae anakonda ghafla. Mwezi mzima wa matibabu umepotea. Kosa lilikuwa langu, nilitakiwa kusoma jina lote na kuuliza, nalibeba mpaka leo. Ila tangu siku hiyo mtu akiniambia majina yanayofanana "yanapendeza" namuonyesha na kadi.

Na haiishii kliniki. Shuleni orodha inaandikwa kwa kifupi cha jina, G. J. M. wawili nyumba moja, barua ya nani, ada ya nani, matokeo ya nani.

Halafu wanaosema "ni mila" wananichosha zaidi, kwa sababu mila zetu zenyewe hazifanyi hivyo. Wakikuyu wanapokezana, mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wa kike hivyo hivyo kwa mabibi. Sasa babu wawili wa koo mbili majina yao yataendanaje? Hayaendani na wala hakuna anayetaka yaendane. Kwa Waluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, mvua ikinyesha ni Okoth, ndugu wawili kila mmoja kabeba saa yake. Usukumani wa mvua ni Mabula, wa njiani ni Njile. Pwani Juma kazaliwa Ijumaa, Hamisi Alhamisi, Ramadhani mwezi wa mfungo, na wote wa mama mmoja. Wanyarwanda ndo kabisa, kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda, ndugu wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja na bado ni ndugu.

Hata pale mila ilipotaka majina yafungane, kwa mapacha, iliyafunga kwa maana, sauti wakaziacha tofauti. Kulwa na Doto. Yatamke kwa sauti, hayana silabi hata moja inayolingana, lakini ukisikia Kulwa unajua kuna Doto mahali, na anayewafuatia ni Shija. Kwa Waluo Opiyo katangulia, Odongo kafuata, anayezaliwa baada yao Okello. Waganda wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, halafu Kizza. Nikiwa na Kulwa na Doto mezani sijawahi kuchanganya kadi. Wazee walijua wanachokifanya.

Wa dini nao wasinitishe. Watoto wa kike wa Mtume (s.a.w.) ni Zainabu, Rukia, Ummu Kulthum na Fatuma, niambie yanaendana wapi. Wajukuu zake Hasani na Huseni ndo yametoka kwenye shina moja, na hayo ni mazuri, sikatazi, ila ni Hasani na Huseni na sio sheria kwa kila nyumba. Kwenye Biblia soma Mwanzo 29 uone Lea anavyoita wanawe, Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, kila jina na jambo lililokuwa moyoni mwake siku ile. Na mapacha wa Rebeka ni Esau na Yakobo.

Nyingine nazipitia haraka maana hazinisumbui sana.

"Majina tofauti ndo yanafanya nimuite huyu kwa jina la yule." Hapana mama, utawachanganya tu, kila mzazi anachanganya, na kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani uliotoka 2016 unaoonyesha ulimi unateleza kwenda kwa mtu wa kundi lile lile, yaani ndani ya familia, na sauti zikifanana ndo unateleza zaidi.

"Wa kwanza ana jina la mtakatifu, wa pili akiitwa Tumaini padri atakataa kubatiza." Kutaka jina la mtakatifu ni habari ya sheria ya zamani ya Kanisa Katoliki, ya 1917. Iliyopo sasa ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa kikristo, na Tumaini, Neema, Baraka hayana shida yoyote.

"Dada yake anaitwa Happiness, huyu tukimpa la kilugha atajiona mnyonge." Atajiona mnyonge akikuta hakuna anayeweza kumwambia jina lake limetoka wapi. Mwambie.

"Tusubiri tu jina likipatikana ndo tukasajili." Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Wifi watabishana hata mwaka, siku 90 hazisubiri.

Ushauri wangu ni ule ule ninaowapa wote. Simama mlangoni, muite mkubwa kwa sauti ya kumuita mtu aliyeko kwa jirani, kisha ita hilo jina jipya vile vile. Kama mkubwa amegeuka mara zote mbili, badilisha. Halafu yaandike yote mawili kwenye karatasi kwa mwandiko mbaya wa haraka, kama tunavyoandika sisi foleni ikiwa ndefu, mpe mtu asiyewajua asome. Na ukija kuandikisha usinitamkie dirishani kelele zimejaa, niandikie kwa herufi kubwa, maana Jackline ina namna tano za kuandikwa na mimi nitachagua moja ambayo sio yako, na kuirekebisha kwenye cheti baadaye ni viapo na safari za wilayani.

Yule mama wa Gladness amerudi jana na kikaratasi. Kampa jina la bibi mzaa mama, NYAMIZI, kaliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nikalihamishia kwenye kadi, nikamsomea herufi moja moja, akasema ndo hilo, nikamlaza Nyamizi kwenye mzani.