Mabamba ya dunia hayaelei juu ya bahari ya moto

Kila ninapozungumza na watu kuhusu mabamba ya dunia, swali la kwanza ni lilelile: "Ina maana tumekaa juu ya bahari ya moto?" Hapana. Simlaumu anayeuliza, maana hata mimi nilifundishwa hivyo. Kitabu cha shule kilichora mabara kama magogo yanayoelea juu ya uji mwekundu. Sasa nimeisoma miamba kwa miaka mingi, na kama kuna kosa moja ningependa lifutike vichwani mwa watu, ni hilo.

Tuanze na bamba lenyewe. Sehemu ya nje ya dunia ni baridi na ngumu, ina unene wa kilomita 100 hivi, nayo imepasuka vipande vikubwa saba na vidogo vingi. Kila bamba lina ganda juu, na chini yake kipande cha koti la dunia, yaani lile tabaka nene la mwamba linaloshuka hadi kilomita 2,900, kiini kinapoanzia. Ganda la chini ya bahari ni jembamba, kilomita 7 hivi, tena ni la basalti, mwamba mzito. Ganda la mabara ni nene zaidi, kati ya kilomita 30 na 70, lakini mwamba wake ni mwepesi. Shika tofauti hiyo ya uzito, tutaihitaji.

Koti nalo ni mwamba mgumu. Tumejuaje, ilhali hakuna aliyewahi kufika huko? Matetemeko ndiyo yaliyotuambia. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbalimbali, na aina mojawapo, ile inayotikisa mwamba upande kwa upande, haiwezi kupita kwenye kimiminika. Mawimbi hayo hupenya koti lote, kisha hukoma yakifika kiini cha nje, ambacho kweli ni chuma kilichoyeyuka. Ila mwamba wenye joto kali huweza kujongea bila kuyeyuka. Mshumaa ulioachwa juani huinama ungali mgumu. Barafu ya milimani huteremka bondeni polepole, ingawa ukiipiga nyundo inavunjika. Koti hujongea vivyo hivyo, sentimita chache kwa mwaka.

Basi mabamba yanaendeshwa na nini? Hapo ndipo alipokwama Alfred Wegener, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1912 kwamba mabara yamehama. Ushahidi alikuwa nao: jinsi ukingo wa Afrika unavyooana na wa Amerika Kusini, na visukuku vya wanyama walewale ng'ambo zote mbili za bahari. Alichokosa ni nguvu. Wenzake walimuuliza mabara yanaipasuaje sakafu ya bahari, na hakuwa na jibu la kuridhisha. Alifariki Greenland mwaka 1930. Huniuma kwamba hakuishi kuona sakafu hiyo ikipimwa, miongo michache baadaye, na jibu likipatikana: mabara hayaipasui, yamebebwa pamoja nayo.

Sakafu ya bahari huzaliwa kwenye safu za milima zilizo chini ya maji, kama ile inayokata Atlantiki katikati. Mabamba yakiachana, koti hupanda kuziba nafasi. Mgandamizo ukipungua, sehemu yake ndogo huyeyuka na kuwa ganda jipya. Ganda hilo husogea mbali likipoa na kuzidi uzito, hadi baada ya mamilioni ya miaka bamba linakuwa zito kuliko koti lililo chini yake. Hapo huanza kuzama.

Kuzama huko ndiko injini kuu. Fikiria mnyororo wa nanga uliorundikwa sitahani: ukishaporomoka kiasi, sehemu inayoning'inia huvuta iliyobaki. Ndiyo maana bamba la Pasifiki, lenye kingo ndefu zinazozama, huenda mbio, hadi sentimita 10 hivi kwa mwaka, na bamba la Afrika, ambalo karibu halina kingo za namna hiyo, hujikokota kwa sentimita kama 2.

Bamba linalozama haliteremki kwa ulaini. Hukwama dhidi ya jirani yake kwa miaka mingi, kisha huchomoka ghafla. Ndivyo ilivyokuwa Chile mwaka 1960, kwa tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Tena bamba hushuka na maji ya bahari yaliyonaswa ndani ya madini yake. Maji hayo yakitoka kule chini, hushusha kiwango cha joto kinachoyeyusha mwamba, na magma hupatikana. Volkeno nyingi zinazoizunguka Pasifiki zimewashwa na maji! Katika elimu yote ya mabamba, hakuna ninachokipenda kuliko hiki.

Mabara ni mepesi mno kuzama. Uhindi ilipogongana na Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, miamba ilikunjana na kuinuka ikawa Himalaya, na mawe ya chokaa yenye visukuku vya viumbe wa baharini yako leo kileleni Everest. Kwa sababu hiyohiyo mabara yana miamba yenye umri wa miaka bilioni 4, ilhali sakafu ya bahari karibu yote haijafikisha miaka milioni 200. Iliyotangulia imemezwa.

Na iliyomezwa huacha alama. Zamani za dinosaria, bamba moja kubwa, Farallon, lilikuwa likizama chini ya Amerika Kaskazini. Juu limebaki vipande vidogo tu. Lakini mawimbi ya matetemeko hukimbia kidogo zaidi kwenye mwamba baridi, na kwa kuyapima tunaliona mpaka leo, zaidi ya kilomita 1,000 chini ya bara hilo, lingali baridi kuliko mwamba unaolizunguka, lingali likishuka.