Kichocheo cha neva kwa mtoto mwenye kifafa: kabla hujaomba kizimwe

Kichocheo cha neva ya vegasi ni kifaa kinachopandikizwa mwilini na kutuma umeme mdogo kwenye neva ya shingoni ili kupunguza kifafa. Malalamiko kukihusu yanafanana: sauti ya mtoto imekwaruza, anakohoa, basi mzazi anataka kizimwe leo leo. Tunaelewa hofu hiyo. Ila kifaa hakimpigi mtoto shoti, na maudhi mengi hurekebishwa bila kisu.

Betri hukaa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto. Waya wake huizungukia neva ya vegasi shingoni, na tawi la neva hiyohiyo ndilo linaloendesha nyuzi za sauti. Mpangilio wa kawaida ni sekunde 30 za umeme, kisha dakika 5 za mapumziko. Chukua saa, msikilize mtoto akiongea: sauti ikikwaruza sekunde hizo tu kisha ikarudi, kifaa kinafanya kazi. Ikikwaruza muda wote, hata wakati wa mapumziko, huenda neva iliumia kwenye upasuaji. Hapo daktari wa masikio, pua na koo aziangalie nyuzi za sauti.

Umeme huanza miliampea 0.25 na hupandishwa 0.25 kila baada ya wiki mbili hivi, hadi karibu 1.5. Kikohozi na mwasho wa koo huja siku ya kupandisha, na kwa kawaida hufifia. Visipofifia tunarudi hatua moja, au tunapunguza upana wa mpigo kutoka maikrosekunde 500 hadi 250, au masafa kutoka hezi 30 hadi 20. Ni kazi ya dakika chache kliniki.

Kupaliwa ni jambo jingine. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayetokwa udenda au aliyekuwa akipata shida kumeza tangu awali, anaweza kuvuta uji mapafuni umeme ukiwaka katikati ya tonge. Mwambie daktari mapema. Anaweza kuelekeza sumaku inayotolewa pamoja na kifaa ifungwe kwa plasta juu ya betri wakati wa mlo, ili umeme uzimwe. Na hapa, tafadhali, sumaku ina kazi mbili zisizofanana. Ukiipitisha juu ya betri kwa takriban sekunde moja na kuiondoa, unaongeza umeme wa dharura. Ukiiacha hapo, unazima. Mzazi anayeibana sumaku kifuani pa mtoto dakika nzima kifafa kikiwa kimempanda, akidhani anazidisha tiba, ameizima.

Sikiliza pia usingizi. Mkoromo mpya, au pumzi inayokatika usiku, usisubiri kliniki ijayo.

Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa usaha, njoo siku hiyohiyo, kwani maambukizi yakifika kwenye kifaa mara nyingi hulazimu kukitoa. Watoto hukuna kidonda, wengine huichezea na kuizungusha betri chini ya ngozi mpaka waya unakatika. Dalili zake ni kifafa kurudi kwa kasi, maumivu ya shingo, au sauti kutobadilika kabisa sumaku inapopitishwa. Tutapima ukinzani wa waya kwa kompyuta, kisha eksirei.

Kila unapoingia hospitali, onyesha kadi ya kifaa kabla ya kitu kingine chochote. Mashine za kuchua misuli kwa joto la mawimbi haziruhusiwi popote mwilini, hata gotini, kwa sababu joto hupita kwenye waya na kuunguza neva. Kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa) kinawezekana kwa aina nyingi, kwa masharti: mtaalamu asome aina ya kifaa, ashushe umeme hadi sifuri, kipimo kifanyike, kisha aurudishe palepale ulipokuwa. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika, kwa hiyo uliza kabla hujaondoka.

Dawa zinaendelea. Kifaa hiki husaidiana nazo, hakizirithi, na ni wachache ambao kifafa hukoma kabisa. Kifafa kikimpanda na kuzidi dakika 5, sumaku au bila sumaku, mpeleke mtoto hospitali.