Je, wajua kwa nini tusi zito laweza kupita bila madhara, na neno safi likaua?

Pale soko la samaki Bagamoyo, ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha, mshipi ukimkata mvuvi kidole hutoka neno ambalo mama yake asingependa kulisikia. Wanaopara samaki hapo pembeni hata hawainui macho. Tusi lile halikumwendea mtu, limeuendea uchungu. Na linasaidia kweli: mwaka 2009 Richard Stephens wa chuo kikuu cha Keele, Uingereza, aliwatia wanafunzi mikono kwenye maji ya barafu, na waliokuwa wakirudia tusi walivumilia muda mrefu kuliko waliotaja neno la kawaida.

Sasa chukua neno "dili". Halina uchafu wowote, mtoto hulitaja mbele ya mwalimu. Lakini mtu mwenye ualbino akipita na mtu akanong'ona "dili hilo", amesema kwamba viungo vya yule vina bei. Nchini mwetu watu wameuawa na kukatwa mikono kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Rwanda mwaka 1994 redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mende si tusi la nguoni. Ila mende akionekana ndani hukanyagwa, na hakuna anayeulizwa. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, na kosa mojawapo lilikuwa kuchochea mauaji ya kimbari.

Kwa hiyo usipime uchafu wa neno. Tazama linamshika mtu kwa lipi. "Wewe umeniibia chenji, mshenzi mkubwa" ni ugomvi wa watu wawili, utaisha chenji ikirudi. "Nyinyi kabila lenu wote wezi" humshika hata mtoto aliyezaliwa jana, wala hakuna atakachorudisha ili asamehewe. Likifuatiwa na kitenzi, "waondolewe" au "wafundishwe adabu", hapo hatari imefika mlangoni. Tazama pia msemaji: maneno yaleyale kijiweni ni upuuzi, kwenye kipaza sauti cha kampeni au cha ibada ni amri.

Hilo neno "mshenzi" lenyewe lina historia hapa pwani. Karne ya 19 muungwana wa mjini alimwita hivyo mtu wa bara, na aliyeitwa mshenzi ndiye aliyeonekana halali kufanywa mtumwa. Leo limebaki tusi la hasira tu. Neno halikubadilika hata herufi; kilichoondoka ni soko lililokuwa nyuma yake.

Wengi hukosea kwenye utani. Misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, ulikua utani kati yao na Wazaramo na majirani zao. Mtani huingia msibani akazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, akamwigiza marehemu, akamwita mchoyo mbele ya wafiwa. Hakasiriki mtu, maana mtani huyohuyo anasaidia kazi za mazishi, na siku yake ikifika atatukanwa vilevile. Utani una njia mbili. Unaharibika pale asiye mtani anapouiga, au pale upande mmoja unapocheka na mwingine unanyamaza kwa woga. Huo si utani tena, hata kama msemaji anaapa kwamba alikuwa anatania.

Sheria nayo haikuacha matusi ya kawaida yapite yote. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, humshika anayemtukana mwenzake kwa namna inayoweza kuvunja amani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa matusi ya ubaguzi yanayotumwa kwa simu na kompyuta.

Ukipokea sauti ya uchochezi kwenye kundi la WhatsApp, usiisambaze, hata kwa nia ya kuilaani, kwa sababu anayeipokea kwako anaweza kuituma mbele bila laana yako. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, uihifadhi sauti yenyewe kwenye simu, umwambie msimamizi wa kundi aifute. Ikiwa imetaja mtaa, siku au watu wa kushambuliwa, usisubiri msimamizi: nenda polisi siku hiyohiyo, na waliotajwa wapelekewe habari mapema.