Kabla ya madawati, ulizeni kuhusu mfereji

Juzi tena. Mkutano wa mtaa, hapa Mwanza, mwenyekiti anasimama na kusema kiwanda cha samaki ni jirani mbaya kwa sababu tangu kianze hakijaleta hata dawati moja. Wiki moja kabla yake nilikuwa kwa meneja wa kiwanda kingine, naye ananionyesha picha ya madawati ukutani: "Injinia, sisi jamii tunaijali." Hawa wawili wanaamini kitu kilekile, na mimi nimechoka kukisikia.

Kazi yangu ni maji taka ya viwanda, mwaka wa 14 sasa, muda mwingi kwenye minofu ya sangara. Dawati ni kitu chema, sina ugomvi nalo. Lakini ukitaka kujua kiwanda kinawafaa vipi majirani zake, anza na kinachotoka kwenye mfereji wake.

Sangara akichakatwa, minofu haifiki nusu ya uzito wake. Mapanki (vichwa na mifupa inayobaki), ngozi na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) vina wanunuzi wake. Damu, utelezi na mafuta huondoka na maji ya kuoshea sakafu. Hapo ndipo naambiwa kila siku: "Ni samaki tu huyo, katoka ziwani anarudi ziwani." Hapana! Bakteria wanaila ile damu, na wakila wanatumia oksijeni iliyo majini. Damu ikizidi, oksijeni inakwisha, vifaranga vya samaki vya kandokando vinakufa, maji yananuka mayai viza. Naitrojeni na fosforasi zinazobaki zinakuwa mbolea ya magugu maji. Kiwango cha taifa kinataka BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji ili kuula uchafu ulio majini, isizidi miligramu 30 kwa lita. Maji ghafi ya kiwanda cha samaki mara nyingi hupita 1,000.

"Lakini tumepimwa, tumefaulu." Mmepimwa saa ngapi? Chupa iliyojazwa saa nne asubuhi, wakati wakataji wako katikati ya zamu, inaeleza saa nne asubuhi basi. Uchafu wenyewe hasa unaingia mferejini zamu ikiisha, mipira ya maji inapofunguliwa na sakafu nzima kuoshwa kwa nusu saa. Sampuli ya kuaminika ni ya kudunduliza: unachota kidogo kila saa, mchana na usiku, kwa kadiri ya wingi wa maji yanayopita, unachanganya, unahifadhi kwenye barafu. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Ila cheti cha chupa moja msinionyeshe.

Usiku mmoja nilizunguka nyuma ya kiwanda nilichoanzia kazi. Mashine za kupulizia hewa kwenye bwawa la kusafishia maji taka zilikuwa zimezimwa ili bili ya umeme ishuke. Juu ya mfereji kulikuwa na utando mweupe wa mafuta, mzito kama uji ulioanza kupoa. Alfajiri nikamkuta mama mmoja upande wa chini wa mfereji, mtoto mgongoni, anausogeza ule utando kwa kiganja ili achote.

"Mama, haya maji si mazuri."

"Najua baba. Bomba halijatoa maji tangu Jumanne."

Mwezi uleule kiwanda kilikabidhi madawati. Nilikuwepo kwenye picha, na sikusema kitu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu shule, kiwanda kinatozwa ushuru wa huduma na halmashauri. Mbaneni diwani awaeleze unakwenda wapi. Na kibarua akilipwa kwa wakati atamnunulia mwanawe daftari mwenyewe.

Kwenye mapanki nafsi yangu imegawanyika. Watengenezaji wa chakula cha mifugo wakiyabeba yote kwa lori, uani hakuozi kitu, na mimi mtu wa maji nafurahi. Lakini kina mama wanaoyakaanga wanabaki na karai tupu, na kwa familia nyingi kichwa cha sangara ndicho kitoweo. Nikishauri lori, ninawanyima. Nikishauri yauzwe getini kwa kina mama, najua yatalala juani mpaka mchana na maji yake yataishia kwenye mfereji uleule. Nimeshauri yote mawili, viwanda tofauti, na hakuna hata kimoja nilichotoka na moyo mweupe.

Mwenyekiti ameniomba nirudi Jumamosi. Nimemwambia atafute vijana wawili wasioogopa kukesha, mimi nitaleta chupa na boksi la barafu. Tutaanza zamu ya usiku inapoosha sakafu.